Saa iliyomo ndani ya seli, na jinsi inavyoupangia mwili zamu za kukua

Ini la panya huongezeka kila usiku. Si ugonjwa. Panya anapoamka gizani na kuanza kula, seli za ini lake hutanuka na kujaa protini, na kabla hakujapambazuka ini zima huwa limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko lilivyokuwa mchana alipokuwa amelala. Kisha linanywea. Usiku unaofuata, vivyo hivyo. Ueli Schibler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, waliochapisha habari hii mwaka 2017, waliona pia kwamba panya wakilishwa mchana tu, saa ambazo kwa kawaida wangekuwa usingizini, kupanda na kushuka huko hupotea.

Undani wake unavutia zaidi. Seli ikitaka kutengeneza protini inahitaji ribosomu, vitambo vidogo vya kuundia protini, na ribosomu huundwa kwa RNA ya aina yake pamoja na protini nyingi zinazoambatana nayo. Seli za ini huzalisha RNA hiyo usiku na mchana kwa kasi ileile, ila protini za kuambatana nayo hupatikana kwa wingi usiku. Mchana RNA hubaki bila mwenza, seli inaipachika mkia wa kuitambulisha kuwa ni ya kutupwa, kisha inaivunjavunja. Malighafi ya kukua iko tayari muda wote. Kinachopangwa ni saa ya kuitumia.

Ukisoma habari za saa ya mwili, mara nyingi utakuta zinaishia kwenye usingizi na uchovu wa safari za ndege. Usingizi ni upande unaoonekana kwa macho tu. Jeni zilezile zinazotufanya tusinzie usiku zimo ndani ya ngozi, mfupa, msuli na ini, na huko zinashika usukani wa mambo mazito zaidi: seli ikue lini, inakili DNA yake lini, igawanyike lini, na lini isigawanyike kabisa.

Mtambo wenyewe ni mdogo. Ndani ya kiini cha seli, protini mbili ziitwazo CLOCK na BMAL1 hushikana na kukaa juu ya vipande vifupi vya DNA vyenye herufi CACGTG, ambavyo vimetawanyika karibu na jeni nyingi. Zikikaa hapo, jeni jirani huwaka. Miongoni mwa jeni zinazowashwa ni PER na CRY, na hapo ndipo penye ujanja. Protini za PER na CRY hutengenezwa nje ya kiini, hujikusanya taratibu, kisha hurudi ndani na kuzizuia CLOCK na BMAL1 zilizoziwasha. Uzalishaji unasimama. Saa kadhaa baadaye PER na CRY zilizobaki zinavunjwa, kizuizi kinaondoka, na CLOCK na BMAL1 zinaanza upya. Mzunguko mzima huchukua takribani saa 24. Kwa binadamu wastani wake ni kama saa 24.2, na mwanga wa kila siku ndio unaousawazisha na dunia.

Kinachonistaajabisha hapo ni ucheleweshaji. Mfumo wa namna hii, ambapo zao linamzuia mzalishaji wake, kwa kawaida hutulia upesi mahali fulani pa kati na kubaki hapo. Ili uendelee kuyumba ni lazima kizuizi kichelewe kufika. Kazi hiyo inafanywa kwa sehemu kubwa na vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye PER: fosfati zikibandikwa mahali fulani PER inavunjwa haraka, zikibandikwa pengine inadumu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walieleza ukoo ambao baadhi ya watu wake husinzia kama saa moja na nusu jioni na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, tangu ujana hadi uzee. Tofauti yao na ndugu zao wengine ilikuwa asidi amino moja tu, yaani kiungo kimoja katika mnyororo wa protini ya PER2, mojawapo ya sehemu za kubandikia fosfati. Kiungo kimoja kati ya zaidi ya elfu moja, na siku nzima ya mtu inasogea saa kadhaa.

Pembeni ya mzunguko huo upo wa pili. CLOCK na BMAL1 huwasha pia jeni za REV-ERB, ambazo protini zake humgeukia BMAL1 na kumzima, huku nyingine za ROR zikimwasha. Mzunguko huu wa pili huimarisha ule wa kwanza. Zingatia jina la REV-ERB, maana litarudi tukifika kwenye kugawanyika kwa seli.

Jeni ya kwanza ya saa iligunduliwa mwaka 1971 katika Taasisi ya Teknolojia ya California, pale Ronald Konopka na Seymour Benzer walipopata nzi wa matunda wa aina tatu zisizo za kawaida: wenye siku ya saa 19, wenye siku ya saa 28, na wasiokuwa na mpangilio wowote. Kasoro zote tatu zilikuwa katika jeni moja, wakaiita period, ambayo ndiyo PER tuliyoitaja. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young waliofumbua jinsi jeni hiyo inavyofanya kazi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba saa ya wanyama wenye ubongo kama wetu imo mahali pamoja tu. Mwaka 1972 ilionekana kwamba panya akiharibiwa fundo dogo lililo chini ya ubongo, juu ya makutano ya neva za macho, hupoteza ratiba yake yote ya kulala na kuamka. Fundo hilo lina niuroni kama 20,000 na linapokea habari za mwanga moja kwa moja kutoka machoni. Basi ikasemwa: saa ni hiyo, viungo vingine vinafuata amri.

Dhana hiyo ilivunjika mwaka 1998 katika maabara ya Schibler huyohuyo. Walichukua fibroblasti za panya, seli za kawaida za tishu unganishi zilizokuwa zimekuzwa kwenye vyombo vya maabara kwa miaka mingi, bila ubongo, bila damu, bila mchana wala usiku. Wakazimwagia majimaji ya damu kwa wingi kwa muda mfupi. Jeni za saa zikaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio wa karibu saa 24. Maana yake ni kwamba saa ilikuwamo humo siku zote, ila kila seli ilikuwa na wakati wake; mshtuko ule ulizipanga zianze pamoja. Miaka michache baadaye maabara ya Joseph Takahashi huko Marekani ilitengeneza panya ambao PER2 yao hung'aa, ikakata vipande vya ini na mapafu, ikavihifadhi na kuvitazama. Viliendelea kung'aa na kufifia kwa mizunguko mingi, vikiwa peke yake kabisa.

Fundo la ubongoni, kwa hiyo, lina kazi ya kusawazisha saa nyingi ambazo kila moja inakwenda yenyewe. Na si kila kiungo kinaisikiliza sauti yake kwanza. Mwaka 2000 ilionekana kwamba panya akilishwa mchana tu, saa ya ini lake hupinduka na kufuata chakula, wakati ile ya ubongoni inabaki ikifuata mwanga. Mnyama mmoja, nyakati mbili.

Kila tishu pia huitumia saa yake kwa namna yake. Uchunguzi wa viungo 12 vya panya uliotoka mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 43 ya jeni za protini hupanda na kushuka kwa siku katika angalau kiungo kimoja, na nyingi kati ya hizo hufanya hivyo katika kiungo kimoja tu au viwili. Mwaka 2018 watafiti walipima tishu 64 za nyani, ambaye huamka mchana kama sisi, na kupata zaidi ya asilimia 80. Mtambo ni uleule kila mahali, lakini ini linautumia kupangia sukari na mafuta, ngozi inautumia kupangia ulinzi dhidi ya jua.

Sasa tuje kwenye kugawanyika. Seli inayotaka kuwa mbili hupitia hatua kwa mfuatano: inakua, inanakili DNA, inakagua nakala, kisha inajipasua. Kati ya hatua na hatua kuna vizuizi ambavyo lazima viondolewe. Mwaka 2003 kundi la Hitoshi Okamura huko Kobe, Japani, liliuliza swali jepesi: je, vizuizi hivyo vinajua saa ngapi?

Walitumia ini kwa sababu ini lina sifa ya pekee. Ukikata theluthi mbili zake, theluthi iliyobaki hugawanyika hadi kurudisha uzito wa awali. Walifanya upasuaji huo kwa panya katika nyakati mbili za siku zilizoachana kwa saa 8. Ingekuwa seli zinahesabu tu muda tangu kujeruhiwa, panya wote wangeanza kupasua seli baada ya muda ule ule. Haikuwa hivyo. Kunakili DNA kulikwenda sawa kwa makundi yote mawili, lakini kujipasua kwenyewe kulingoja: makundi yote mawili yalifikia kilele saa ileile ya siku, hivyo waliokatwa mapema walisubiri zaidi. Seli zilikuwa na nakala tayari, na bado zilikaa mlangoni hadi wakati ufike.

Aliyezuia mlango ni kimeng'enya WEE1, ambacho huifungia seli isiingie kwenye kujipasua. Jeni yake ina herufi zilezile CACGTG, kwa hiyo CLOCK na BMAL1 huiwasha moja kwa moja. WEE1 ikiwa juu mlango umefungwa, ikishuka unafunguka. Panya wasio na CRY, ambao hawana wa kuzizuia CLOCK na BMAL1, walikuwa na WEE1 juu wakati wote, na ini lao lilichelewa kurudi.

Mlango wa mwanzo nao una mlinzi. Protini p21 huzuia seli isianze kunakili DNA, na REV-ERB ndiyo inayoizima p21 kwa saa maalumu. Ondoa BMAL1, REV-ERB inashuka, p21 inapanda, na seli za ini zinagawanyika polepole. Ukiziangalia kanuni hizi mbili kwa pamoja utaona kwamba saa haina msimamo mmoja kuhusu ukuaji. Mkono mmoja unafunga, mwingine unafungua, na mikono yote miwili ni ya CLOCK na BMAL1.

Baadaye ikaonekana kwamba mazungumzo hayo ni ya pande mbili. Watafiti waliofuatilia seli mojamoja kwa filamu walikuta kwamba mgawanyiko nao huisogeza saa: seli zikilishwa vizuri na kugawanyika haraka, saa zao hufupika na kwenda pamoja na mgawanyiko. Picha ya saa iliyokaa juu ikitoa amri kwa seli iliyo chini ni rahisi mno.

Ngozi ndiyo inayoonyesha faida ya mpangilio huu waziwazi. DNA inaponakiliwa huwa imefunguliwa na ni rahisi kuharibika, na mionzi ya jua ni mharibifu mkubwa. Katika ngozi ya panya, unakili huwa mwingi zaidi usiku. Panya wasio na BMAL1 hupoteza mgao huo; seli zao hunakili DNA wakati wowote, na tofauti ya usiku na mchana katika madhara ya mionzi hupotea. Aziz Sancar wa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kazi ya ukarabati wa DNA, alikuta na wenzake kwamba protini moja ya ukarabati, XPA, nayo hupanda na kushuka kwa amri ya saa. Panya waliopigwa mionzi ya jua saa kumi alfajiri, XPA ikiwa chini, walipata saratani za ngozi kama mara tano zaidi ya wale waliopigwa saa kumi jioni. Sisi ni viumbe wa mchana, kwa hiyo saa hizo haziwezi kuhamishiwa kwetu jinsi zilivyo. Kosa hili hutokea sana katika makala za afya: matokeo ya panya wa usiku yanageuzwa ushauri kwa mtu wa mchana.

Nywele zinatoa mfano mkali zaidi. Seli za shina la unywele hugawanyika kwa kasi, na kwa panya hugawanyika hasa asubuhi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, panya waliopigwa mionzi ya gamma asubuhi walipoteza asilimia 85 ya nywele. Waliopigwa jioni walipoteza asilimia 17. Kipimo ni kilekile cha mionzi.

Kwa binadamu tuna ushahidi wa vidonda. Kundi la John O'Neill huko Cambridge, Uingereza, lilitazama fibroblasti zinavyosogea kwenda kuziba jeraha na kukuta kwamba mwendo wao hutegemea saa, kwa sababu protini zinazopanga mifupa ya ndani ya seli, zile za aktini, nazo zina ratiba. Kisha wakachambua kumbukumbu za wagonjwa 118 walioungua. Waliopata majeraha usiku walichukua wastani wa siku 28 kupona, waliopata mchana siku 17. Ni kumbukumbu za hospitali na si jaribio lililopangwa, na mtu anayeungua usiku huenda anatofautiana na wa mchana kwa mengi, lakini kuona seli za maabara na wagonjwa wakielekea upande mmoja kunatia uzito.

Hadi hapa mambo yanakwenda vizuri: saa hupanga zamu. Fumbo linaanza unapoziondoa jeni hizi kabisa na kungoja uone mwili utakuwaje. Panya wasio na BMAL1 tangu kutungwa mimba huzeeka mapema. Misuli hupungua, macho huingia ukungu, viungo husinyaa, na hufa mapema sana kuliko wenzao. Panya wasio na PER au CRY, upande wa pili wa mzunguko huohuo, wana mifupa mizito kupita kawaida, kwa sababu seli zinazojenga mfupa hazipati wa kuzipunguza kasi. Kama tatizo lingekuwa kukosa saa tu, wote wangeumwa kwa namna moja, maana wote hawana saa.

Majaribio mawili yalisaidia. La kwanza, mwaka 2006, lilirudisha BMAL1 kwenye misuli peke yake katika panya waliokuwa hawana. Ratiba ya siku haikurudi, lakini uzito wa mwili na nguvu za kutembea zilirudi. La pili, mwaka 2016, kundi la Garret FitzGerald huko Philadelphia liliwaacha panya wakue na BMAL1 yao, kisha likaiondoa utu uzima. Saa ilipotea vilevile, lakini dalili nyingi za uzee wa mapema hazikuonekana, na maisha yao hayakufupika. Kwa maoni yangu haya ndiyo majaribio yanayopaswa kutajwa kwanza kila mtu anapodai kwamba kuvurugika kwa saa huzeesha tishu. Sehemu kubwa ya madhara yale ilitokana na kazi ambayo BMAL1 huifanya mwili unapojengwa, na kazi hiyo si lazima iwe ya kuhesabu saa.

Inafaa kukumbuka hapo kwamba mwili unapoanza hauna saa kabisa. Seli shina za kiinitete zina baadhi ya protini za saa, lakini hazipandi wala kushuka. Mdundo hujitokeza seli zinapoanza kubagukana na kuwa za ngozi, neva au moyo. Watafiti wa Japani walipozirudisha nyuma seli zilizokwisha kukomaa hadi zikawa kama za kiinitete, mdundo ulizimika. Walipoziachia zikomae tena, ulirudi.

Saratani nayo haikubali maelezo ya mstari mmoja. Mwaka 2002 ilionekana kwamba panya wenye kasoro ya PER2 hupata uvimbe kwa wingi baada ya mionzi, na jeni c-Myc, mchochezi mkuu wa ukuaji, hupanda isivyostahili. PER ikatangazwa kuwa mlinzi dhidi ya saratani. Lakini maabara ya Sancar ilipoondoa CRY kwa panya ambao tayari hawakuwa na p53, kinga kuu ya mwili dhidi ya uvimbe, panya hao waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenye CRY. Na seli za aina fulani za saratani ya damu na ya ubongo zimeonekana kuzitegemea CLOCK na BMAL1 ili ziishi; ukizizima, saratani hudhoofika. Jeni ileile ni breki kwenye tishu moja na mafuta kwenye nyingine.

Kuhusu watu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na likashikilia uamuzi huo lilipopitia ushahidi upya mwaka 2019. Kundi hilo hupima nguvu ya ushahidi, halisemi hatari ni kubwa kiasi gani kwa mtu mmoja.

Daktari anayetaka kutumia elimu hii, tuseme kutoa dawa ya saratani saa ambayo seli zenye afya zimepumzika, anakwama kwenye jambo la msingi: hajui tishu ya mgonjwa iko saa ngapi. Saa ya ukutani haimwambii, hasa kwa mtu wa zamu. Njia mojawapo ilionyeshwa Japani mwaka 2010: unang'oa nywele chache za kichwa au ndevu, na seli zinazotoka na shina zake zinatosha kupima jeni za saa. Watafiti waliwapima hivyo wafanyakazi wa zamu zinazobadilika. Ratiba zao za kulala na kuamka zilikuwa zimekwisha kuhama. Jeni kwenye nywele zao zilikuwa bado zimebaki nyuma.